Yoga Ilinipa Jina Baya kwa Wakwe Zangu

Nina umri wa miaka thelathini na nne na ninaishi peke yangu Butere, katika chumba kilicho nyuma ya duka la mjomba wangu, ambako ninashona nguo. Nina watoto wawili wenye afya njema, lakini hawalali kwangu. Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mnaoishi na wakwe, tulieni niwaeleze jinsi yoga ilivyonitoa kwenye ndoa yangu.

Naam, yoga. Najua wengine mmeshacheka.

Niliolewa Musanda miaka ile watu walipong'oa mihogo yao ili wapande miwa mpaka mlangoni. Mume wangu, Makokha, alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sukari, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Boma la baba mkwe halikukosa wageni, maana penye miwa hapakosi ndugu. Nilipika, nikapalilia, nikashona. Nilipojifungua mtoto wa pili, mgongo ulinikatika kabisa. Kuna siku nilishindwa kuinuka jikoni mpaka mama mkwe akaninyanyua.

Aliyeniponya ni Mama Anil, mke wa injinia mmoja Mhindi wa pale kiwandani. Nilimpelekea blauzi nilizomshonea, akaniona nimeshika kiuno. Akatandika mkeka, akanifundisha kulala chali na kuinua miguu, kujikunja, na kuvuta pumzi polepole. Baada ya miezi michache mgongo ukanyamaza. Naye alipohamishwa, aliniachia darasa lake la wake za mameneja kwenye ukumbi wa kiwanda, jioni mbili kwa wiki. Mimi, mshona nguo wa Musanda, mwalimu wa wake za wakubwa! Acheni nijisifu kidogo.

Nilimfundisha pia Rispa, jirani na rafiki yangu wa chanda na pete. Tulikuwa tukisaidiana kupalilia, leo kwake, kesho kwangu. Tumbo lilimsumbua kila mwezi, na yoga ikamsaidia.

Sasa, mwalimu lazima naye afanye mazoezi. Lakini ningefanyia wapi? Sebuleni walilala wageni, na chumbani mlikuwa na kitanda na cherehani tu. Uani ndiyo kabisa... Kwetu mke wa mwana hawezi kulala chini na kuinua miguu mahali ambapo baba mkwe anaweza kutokea. Hata kuinama mbele yake ni aibu. Kwa hiyo niliamka kabla hakujapambazuka, nikavaa suruali niliyojishonea, nikaenda pekupeku hadi penye uwazi katikati ya miwa. Nilijificha kwa sababu ya heshima. Je, hilo ni kosa?

Nanyi mnajua kwetu mtu anayerudi alfajiri na umande miguuni huitwa nani. Huitwa omulosi, mchawi anayekimbia usiku na kurusha mawe kwenye mapaa ya watu.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kunikuta. "Mama Grace, wewe unatokanga wapi saa hii?"

Nilimwambia natoka chooni.

"Choo iko huku. Wewe unatoka kule."

Siku chache baadaye nilikuta jivu limemwagwa kwenye njia ya shambani, laini kama unga, na nyayo zangu zimejichora juu yake. Nani alilimwaga? Sikuuliza, na hakuna aliyesema.

Tangu hapo kila kitu changu kikawa ushahidi. Shangazi wa mume wangu alipofariki, nilikuwa ukumbini na darasa langu, nikafika matangani nimechelewa. Kwetu anayechelewa matangani huangaliwa sana. Mke wa shemeji akaacha kunipa mtoto wake nimbebe. Asubuhi moja Makokha alirudi kutoka zamu ya usiku, akafunua blanketi upande wa miguu, akazitazama nyayo zangu. Kisha akanifunika, akalala. Afadhali angenigombeza...

Nami nikaanza kumshuku kila mtu. Wanawake wakicheka kisimani, niliamini wananicheka mimi. Rispa akaacha kuja kupalilia, eti mguu unamuuma, na jioni nikamwona akienda sokoni kwa mwendo wa haraka. Nikajiuliza, huyu naye amesikia nini? Au ni yeye anayesema?

Kisha mtoto wa shemeji akashikwa na degedege. Hospitalini alitibiwa akapona, lakini hakuna aliyetaka kujua aliponaje. Walitaka kujua nani alimfanya augue. Baba mkwe akaita kikao, majirani wakaja, na Rispa akaja, akaketi kando ya mama mkwe wake. Nikawaeleza kwamba kule kwenye miwa huwa nafanya mazoezi ya mgongo tu.

Baba mkwe hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kwa upole. "Mama Grace, tuonyeshe hiyo kitu unafanyanga kwa miwa. Kama ni nzuri, sisi wote tutaona."

Mwanzo nilidhani nimeokoka. Halafu nikaelewa. Nilale chini mbele ya baba mkwe? Niinue miguu mbele ya wazee? Nikionyesha, nimemvunjia heshima na boma litanikataa. Nisipoonyesha, mimi ni mchawi!

Nikasema, "Baba, siwezi kufanya hivyo mbele yako. Lakini Rispa anaijua. Nimemfundisha mwenyewe. Muulizeni."

Wote wakamgeukia. Rispa alitazama mikono yake, akasema, "Mimi nilikuwa naendanga kwake kushonewa nguo tu."

Angesema kweli, wachawi wangekuwa wawili. Ninamwelewa. Sijamsamehe.

Nilituma ujumbe kwa wale wake za mameneja niliowafundisha kwa moyo wangu wote, ili hata mmoja aje anisemee. Nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya familia. Nikasikia wamempata mwalimu mwingine.

Makokha mwenyewe ndiye aliyeibeba cherehani yangu hadi barabarani. Watoto walibaki, kwani kwetu watoto ni wa boma. Grace alikuwa na miaka mitano.

Likizo iliyopita, baada ya kuomba kwa miaka mingi, niliruhusiwa kukaa naye siku chache. Nilimpikia ingokho, kuku wa kienyeji, tukacheka, nikalala mwenye furaha. Alfajiri mwili uliniamsha kama kawaida yake, nikaketi kitandani. Grace alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu, viatu tayari miguuni.

"Mama, unaenda wapi saa hii?"

Nikamwambia siendi popote, alale. Hakulala mpaka jua lilipochomoza.

Dada zangu, kama mnajifunza jambo geni, liwe yoga au lingine, nawasihi mlianzie nyumbani. Mwite mama mkwe chumbani, mwanamke kwa mwanamke, umwonyeshe kabla hujamwonyesha mke wa meneja. Mgongo wake nao unauma. Usitegemee kwamba rafiki atakusemea siku ya kikao. Wageni utakaowapa jioni zako watapata mwalimu mwingine, lakini watu wa nyumbani wasipojua ulipo, watajijibu wenyewe.

Siku ya mwisho ya likizo nilimwomba Grace nimfundishe kidogo. Ilikuwa mchana kweupe, na dirisha lilikuwa wazi. Alikubali. Alijaribu kila nilichomwelekeza, ila nilipomwambia afumbe macho, alikataa.