Kichwa cha Mama Rosina

Walikutana wakiwa wameinama. Ilikuwa wiki ya kuelekea Pasaka, ndani ya duka la jumla la vifaa vya saluni mjini Arua, watu wamejaa mpaka mlangoni. Mwenye duka alisema rasta nyeusi limebaki boksi moja tu, lipo chini ya meza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku hiyo waliinama wawili: Drateru, msusi mwenye saluni yake kule Ediofe, na kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi. Vichwa viligongana.

Kijana alijisugua paji la uso, akamsukumia lile boksi.

"Chukua, dada. Mimi nataka namba ya simu tu."

"Na wateja yako watavaa nini?"

"Watangoja. Hata mimi nitangoja."

Jina lake Lemi. Alikuwa na duka la sabuni na mafuta ya nywele Koboko, mahali alipofikia na mama yake, kwanza kambini, walipoikimbia vita ya Sudan Kusini. Namba alipewa, na akaitumia vizuri. Alipiga kila asubuhi kabla Drateru hajafungua mlango, na Kevina, mwenzake wa kazi, akachoka kusikia "roho yangu" zikimiminika kwenye simu ya watu wengine. Jumapili Lemi alishuka Arua, akakaa kwenye benchi la saluni na soda yake, akiwachekesha wateja. Drateru alimpenda, wala hakulificha hilo.

Alichokikwepa ni safari ya Koboko. Mama Rosina, mama yake Lemi, alitaka kumwona huyo msichana anayemaliza salio la simu la mwanawe. Lemi alimsifu mama yake bila kupumua: anaamka kabla ya jogoo, amekodi shamba Kuluba analima peke yake, amewalea wanawe wote kwa jembe, na ndoto yake ni kupata mkwe wa kulima naye. Kijana alidhani anamsifu mama. Drateru alisikia hukumu yake ikisomwa. Basi kila mwezi akapata sababu: mara harusi ya jirani, mara homa, mara shule zinafunguliwa na watoto wanahitaji kusukwa.

Krismasi ilipokaribia, Lemi alipiga simu mchana, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Siku ya mkesha Mama anapika. Anakungoja wewe."

Drateru alimweleza kwamba mkesha ndio siku inayoilisha saluni mpaka shule zifunguliwe, na kwamba akifunga siku hiyo wateja watahamia kwa jirani wasirudi.

"Iko kazi kila siku," Lemi alisema. "Mimi nafikiri wewe unaona haya. Hutaki watu wajue uko na mutu wa kambi."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Wewe mwenyewe, kwa kutokuja. Kama mkesha hukuja, nitaambia Mama hakuna msichana."

Simu ikakatika. Drateru alibaki ameshika chanuo, machozi yanamlengalenga. Alijua kwamba angeweza kumpigia na kumwambia ukweli, kwamba hamwonei haya hata kidogo, anamwogopa mama yake. Lakini alikuwa mbishi, na kazi ilikuwepo ya kujifichia. Waliazima mabenchi kanisani, wakanunua makaa ya kuchemshia maji, wakafungua pakiti za rasta na kuzichambua moja moja, wakazitundika msumarini kwa rangi zake. Kevina alifuta kioo mara mbili. Simu haikulia asubuhi hizo, na saluni nzima iliona kwamba haikulia.

Mkesha ulipofika, wanawake walikuwa mlangoni kabla ya ufunguo. Hapo Drateru alitumia ujanja unaojulikana na kila msusi: hukisuki kichwa ukakimaliza, unavianza vyote. Unamkalisha mteja, unamsuka mistari miwili mitatu, unamwambia ngoja kidogo, unakwenda kwa mwingine. Mwenye mistari mitatu na nywele nyingine zimesimama hawezi kutoka barabarani akaenda kwa jirani. Wenyewe wanaita kumfunga mteja.

Katikati ya msongamano huo akaingia mama mmoja mweusi tititi, mrefu, kitenge cha rangi ya machungwa, ndala zimeshika udongo wa shamba. Akasema anataka kusukwa. Huyo alikuwa Mama Rosina mwenyewe, ametoka Koboko kwa gari la alfajiri bila kumuaga mtu. Drateru hakumjua. Alimkalisha, akamfungua kitambaa, akamfunga kama alivyowafunga wenzake, akaondoka.

Mama hakulalamika. Alikaa, akatazama mikono ya yule msichana inavyokwenda kichwa hadi kichwa. Jua likapanda, likaanza kushuka. Drateru aliporudi kumwongezea mstari mmoja, mama akamuuliza:

"Wewe iko na bwana?"

"Nilikuwa na mutu. Alisema leo niende Koboko kwa mama yake. Sikuenda, na nafikiri imekwisha."

"Unaona haya juu yake?"

"Mimi? Huyo mutu nampenda mpaka silali. Naogopa mama yake."

"Iko mbaya?"

"Sijamwona. Lakini anataka mkwe wa jembe. Jembe naijua, mama, nimezaliwa kijijini Dadamu. Lakini mikono ikishika jembe wiki moja inakuwa ngumu, haiwezi kukamata nywele ndogo. Na mimi bila hii kazi si mutu."

Drateru, moyo ukiwa umepungua uzito kidogo, akahamia kichwa kingine.

Ndipo simu ikalia. Mikono ilikuwa imejaa, kwa hiyo Kevina akamwekea sikioni.

"Drate, samahani kwa maneno yangu ya juzi," Lemi alisema, pumzi juu juu. "Mama amepotea. Majirani wanasema amepanda gari ya Arua. Iko kwako?"

"Amevaa nini?"

"Kitenge ya machungwa."

Drateru aligeuka taratibu. Kule kwenye benchi, chini ya kioo, mama alikuwa akimtazama, mistari minne kichwani na nywele nyingine zimesimama wima.

"Lemi," alisema kwa sauti ndogo, "nimemfunga."

Hakungoja jibu. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama, mbele ya saluni nzima. Alihisi dunia yote imemwangukia. Akasema, "Mama, njoo nikumalize sasa hivi." Mabenchi yakaanza kunung'unika, maana wengine walikuwa hapo tangu alfajiri.

"Simama," Mama Rosina alisema. "Hawa walikuja mbele yangu. Leta chanuo. Kambini watoto yote walisukwa na mimi."

Akajifunga leso kiunoni, akakamata kichwa cha msichana aliyekuwa karibu. Vidole vile vya jembe vilikuwa vizito kwa rasta nyembamba, lakini mistari minene ya watoto aliisuka ikanyooka. Drateru alimwachia watoto, yeye na Kevina wakashika wakubwa. Mabenchi yakaanza kupungua.

Lemi alifika jua likizama, shati jeupe limelowa jasho. Alimkuta mama yake amesukwa nusu kichwa, anamsuka mtoto wa watu na kumkemea atulie. Alitazama, akamvuta Drateru mlangoni.

"Nilidhani unanionea haya."

"Nilidhani mama yako atanipeleka shamba."

"Si ungesema?"

"Na wewe si ungeuliza?"

Wakacheka kwa aibu. Lemi akamshika mkono, vidole vimevimba kwa kazi ya siku nzima, akavikanda kimoja kimoja bila kujali wanaowatazama.

Mteja wa mwisho alipoondoka, kilibaki kichwa kimoja. Mama Rosina alikaa mkekani, Drateru akakaa kwenye stuli nyuma yake, akaanza kumsuka polepole.

"Shamba yangu nitalima mwenyewe," mama alisema bila kugeuka. "Sikumwomba mutu. Huyu kijana anasema sana."

Lemi akatazama chini. Mama akaendelea, akauliza kama baba yake Drateru, mzee Severino wa Dadamu, atakuwa nyumbani kesho. Drateru alijibu kwamba kesho ni Krismasi, baba haendi popote baada ya misa.

"Basi kaza mkono umalize," Mama Rosina alisema. "Kesho nakwenda kumsalimia. Siwezi kwenda kuomba mutoto ya watu na kichwa nusu."