Kufuli la Chumba cha Mwisho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Marikit alifagia ua na kugonga milango ya vyumba vitatu vya kupangisha, nyuma ya nyumba yao mjini Lucena, ili wapangaji wajue maji yametoka. Wiki ile mlango wa mwisho hakuugonga. Bwana Tino alikuwa amefia humo, na mkewe, Bi Belen, alikuwa amekwenda kumzika kisiwani kwao.

Siku hiyo alimkuta mama yake, Mama Saling, mbele ya mlango huo akiwa na kufuli jipya.

"Njoo tutoe vitu. Kuna mwalimu anahamia Jumamosi."

"Lakini Mama, Bi Belen anarudi! Na arobaini bado!"

"Ndiyo maana! Mpaka arobaini ipite, marehemu atakuwa anazungukazunguka humu. Nani atakubali kupanga jirani na mzimu? Vitu vikitoka, naye atavifuata."

"Si tumsubiri kwanza?"

"Kwani nyumba ya nani hii? Beba, acha mdomo."

Walivitia vitu kwenye magunia, wakayaweka bandani. Mchana mvua kubwa ilinyesha, na banda lile lilikuwa linavuja siku zote.

Bi Belen alirudi kesho yake, amevaa nyeusi. Ufunguo wake ulikataa. Marikit alimpeleka bandani. Bi Belen alifungua gunia moja, akatoa picha ya harusi yao. Maji yalikuwa yameingia ndani ya kioo, na uso wa Bwana Tino ulikuwa umefutika wote.

"Sina nyingine," alisema polepole. "Hii ndiyo ningeiweka mezani siku ya arobaini."

Marikit aliangua kilio. Mama Saling aliingia jikoni.

Bi Belen alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Usting, naye akawaita wote wawili.

"Saling, amri ya mahakama unayo?"

"Ya nini, Mzee? Nyumba yangu, hati ninayo."

"Hati naiheshimu. Lakini ukishapangisha, chumba ni cha mpangaji mpaka muda wake uishe au mahakama iamue. Huwezi kumfungia, wala kugusa vyombo vyake. Akikushtaki, huna pa kutokea."

"Sitaki kesi," Bi Belen alisema. "Nataka chumba changu, nimwombee mume wangu."

Kufuli likatolewa jioni ileile. Siku ya arobaini majirani walikuja kusali. Kwa desturi yao, sahani ya marehemu, wali na samaki, iliwekwa mbele ya fremu isiyo na picha. Ilikuwa huzuni kuitazama. Mama Saling alikaa karibu na mlango, hakuinua uso.

Asubuhi iliyofuata Bi Belen alifunga mizigo yake. Mama Saling alimwomba msamaha, akamsihi abaki.

"Nimekusamehe, dada. Ila hapa siwezi tena kulala. Leo nafunga mlango mwenyewe." Akamkabidhi ufunguo, akaondoka.

Mama Saling alimgeukia binti yake.

"Marikit, siku moja vyumba hivi vitakuwa vyako. Ukitaka mpangaji atoke, mwambie, mpe muda. Akikataa, nenda mahakamani. Usimfungie mtu mlango kwa sababu tu nyumba ni yako." Akautazama ufunguo ule mkononi. "Chumba nilimrudishia, mwanangu. Uso wa mumewe nitamrudishiaje?"