Shimo Lisilojaa

Nyuma ya karakana yake ya kutia vitambaa rangi, hatua sita kutoka kisimani, Mama Vitambaa alikuwa na shimo. Kila jioni yeye na wifi yake walimwaga humo ndoo arobaini za maji machafu ya rangi na magadi. Kila asubuhi shimo lilikuwa tupu.

"Wifi, hili shimo lina tumbo gani?" wifi alitania. "Miaka mitatu linakunywa, halijacheua hata siku moja!"

"Liache linywe. Wewe mbona unakunywa chai na sikusemi?"

Kisha mambo ya ajabu yakaanza. Mama mkwe alifua shuka jeupe kwa maji ya kisima, maangavu kama kioo. Lilipokauka, likatoa doa la samawati. Akalifua tena. Doa likatanuka.

"Kuna kitu kinapumua huko chini," alisema. Tangu siku hiyo hakukisogelea kisima peke yake. Hata kuku walisimama mbali, shingo zimenyooka, wakilitazama shimo.

Mama Vitambaa alijikaza. Jiko la kuchemshia rangi lilikuwa limepasuka. Alikuwa ameomba ruzuku, yaani msaada wa fedha za umma, anunue jingine. Akiikosa, karakana itafungwa.

Kabla ya ruzuku kutolewa, mpima maji wa serikali akaja kukagua. Aliliona shimo, akaenda moja kwa moja kisimani. Alichota maji ya kisima, akachovya karatasi ya kupimia. Ikageuka zambarau, dalili ya magadi makali.

"Mama, haya mnayanywa?"

"Tunayanywa."

"Na kupikia," wifi akaongeza.

"Shimo lisilojaa halimalizi maji, mama," mpima maji alisema. "Linayasafirisha. Magadi na rangi zenu vinatembea chini ya ardhi, vinapita chini ya nyumba hii, vinaingia kisimani."

Mama mkwe, aliyekaa mlangoni akikanda tumbo lililomsumbua kwa wiki kadhaa, akainua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni.

"Kwa hiyo ruzuku sipati?"

"Kwa sasa, hapana. Sheria inakataza kumwaga maji machafu kabla hayajasafishwa. Na fedha za umma ni za wote, hata za jirani anayekunywa maji yako. Hatuwezi kuchukua fedha zake tukamnunulia sumu."

"Nikichimba shimo lingine, mbali?"

"Utahamisha balaa tu. Jenga tangi la saruji lisilovuja. Maji yatulie humo, yatibiwe. Tope lichukuliwe na gari la taka za sumu. Kisima kifungeni leo. Ukimaliza niite, nipime upya."

Walijenga miezi miwili, huku wakiteka maji kwenye bomba la mtaa. Mpima maji akarudi, akapima, akatia saini. Ruzuku ikatoka, na jiko jipya likawashwa. Tumbo lililokuwa likimsumbua mama mkwe likatulia.

Siku moja jirani, naye mtia rangi, akaja na ndoo mbili za maji ya rangi.

"Shoga, mimi sijaomba ruzuku. Nani atanikagua? Niazime lile shimo lako la zamani."

Mama Vitambaa akamtazama. "Kisima chako kiko wapi?"

"Si pale, nyuma ya ukuta wako."

"Umewahi kuyapima maji yake?"

Jirani akaigeukia ile ardhi kavu kati ya shimo na ukuta. Akatua ndoo polepole, bila kumwaga hata tone.

"Nipe koleo," alisema. "Tulifukie."