Mrehani Haunuswi kwa Pua

Tangu ashuke kwenye treni, Brais hakuwa amekaa chini. Alitoka Lugo, huko Galisia, Hispania, akaja Lisbon kutembea siku chache tu kabla baba yake hajamfungia kwenye gereji ya matairi. Shule kamaliza, kichwa kinawaka, miguu inamwasha. Mji wote lazima auone, na auone leo.

Alfama, mtaa mkongwe wa mji huo, huwa hapapitiki mwezi wa Juni wa sikukuu. Makaratasi ya rangi yananing'inia kila kichochoro, moshi wa sadini wa kuchoma unakuingia mpaka kwenye soksi, kila dirisha lina muziki wake. Brais akawa anapenya kwa mabega, hadi akatokea kwenye meza iliyojaa vyungu vidogo vya mrehani. Kila chungu kimechomekwa ua la karatasi na kibendera chenye shairi la mapenzi. Akainama, akazamisha pua yote kwenye majani.

"Umeua," sauti ikasema.

Akainua uso. Nyuma ya meza kasimama msichana kavaa aproni nyekundu, heleni za duara, nywele kazifunga juu na kuzishikisha kwa penseli.

"Nimeua nani?"

"Mrehani wangu. Ukiunusa kwa pua unanyauka, hata mtoto wa chekechea anajua. Unaufunika kwa kiganja, halafu unanusa kiganja. Hivi." Akapitisha mkono juu ya majani, akamsogezea puani. "Wewe umekulia wapi?"

"Lugo."

"Ndiyo maana. Haya, nunua marehemu wako."

Akanunua. Lakini hakuondoka.

"Unasubiri nini tena, kaka? Matanga?"

"Nasubiri ufunge meza unitembeze."

"Una kiherehere wewe."

"Sana. Unaitwa nani?"

"Iolanda. Na sijasema ndiyo."

Alisema ndiyo kabla jua halijapoa. Wakapanda tramu, wakashuka kabla ya kituo kwa sababu Brais hawezi kusimama kwenye foleni. Wakapanda juu kabisa, pale unapoona mapaa mekundu yote hadi mtoni. Brais akapiga picha moja, akasema, "Twende."

"Twende wapi? Ndiyo tumefika."

"Nimeshaona."

"Hujaona chochote. Wewe unauhesabu mji, huuangalii." Akamvuta mkono wa shati, akamkalisha ukutani. "Tulia hapo. Pumua."

Brais akatulia kidogo. Goti likaanza kutikisika lenyewe. Iolanda akaliwekea mkono juu, likanyamaza, na wote wawili wakajifanya hawajaona.

Kesho yake walikuwa pamoja tena, mchana kutwa. Usiku simu.

"Umelala, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako? Kalale."

"Kesho naondoka na treni ya jioni, Iolanda."

"Basi uje uniage. Usinipite kama ulivyoupita mji."

Alasiri ya kesho yake Brais akafunga begi. Mrehani ukamtatiza. Ataupeleka vipi safari yote ile, na pua yake ilishauua nusu? Pale mapokezi ya hosteli aliyofikia, jirani na Alfama, alikuwepo Celeste, mdada mcheshi aliyempa taulo la ziada tangu siku ya kwanza, na meza yake iko dirishani, juani. Akamwachia. "Asante kwa kila kitu," akasema, akatoka kwenda kunywa kahawa, moyo mweupe.

Alipompigia Iolanda, simu ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Akaandika, *Kuna nini, mamii?* Hakujibiwa. Akakimbia hadi Alfama. Meza ipo, vyungu vipo, Iolanda hayupo.

"Usimtafute," akasema Bibi Ermelinda, jirani, kaegemea dirishani na mikono yake minene. "Kaingia ndani, hatoki mpaka uondoke."

"Nimefanya nini, bibi?"

"Unaniuliza mimi? Mtaa mzima unajua umempa Celeste mrehani."

"Nimempa autunzie maji."

Bibi akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa viatu kichwani. "Mwanangu, mwanamume hapa hampi msichana mrehani ili aumwagilie. Anampa kumwambia yeye ndiye. Celeste saa hizi anapokea pongezi."

Brais hakushuka ngazi moja moja, aliziruka. Kule mapokezi Celeste alikuwa kaweka chungu katikati ya funguo.

"Naomba unirudishie."

"Kitu cha zawadi? Na nilivyokwisha kutamba?"

"Celeste, sikujua. Nakuomba, dada yangu."

Celeste akacheka mpaka akashika meza. "Chukua, chukua. Mchumba wangu mwenyewe alishanipigia anauliza wewe ni nani. Angalau leo kaamka."

Alipofika tena, anahema, begi begani, shati limemganda mgongoni, Iolanda alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Macho mekundu, penseli imelegea.

"Unaniletea mrehani uliolala kwa mwanamke mwingine?"

"Haukulala. Ulikaa mezani na funguo. Sikujua desturi yenu, Iolanda."

"Hilo nimeshalisikia, Bibi kalitangaza." Akafuta pua kwa aproni. "Hasira yangu siyo Celeste. Wewe ulichukua kitu ukitunze, ukakiacha njiani kwa sababu ni kizito kubeba. Na mimi je?"

Brais akaketi kwenye kizingiti pembeni yake, chungu magotini. Treni yake ilikuwa inakaribia kuondoka, kituo kiko hapo chini tu, na hakuinuka. Watu wakapita, moshi ukapita. Bibi Ermelinda akajifanya anakung'uta zulia.

Mwishowe akauweka mrehani mapajani kwa Iolanda.

"Unajua maana yake sasa?" Iolanda akauliza.

"Ndiyo maana nakupa."

Iolanda akaufunika kwa kiganja, taratibu, kisha akakiweka kiganja usoni kwa Brais na kukiacha hapo. "Mwezi wa nane huwa unakauka," akasema. "Ukija kabla, utaukuta hai. Ukichelewa, usinipigie simu."

"Nitauwahi."

"Sasa kimbia, mjinga wewe, treni."

Aliruka ndani mlango ukifungwa. Akapata kiti dirishani, akalifunika shavu lake kwa kiganja, kisha akanusa kiganja. Mto ukapita nje, mpana, unameta, na kwa mara ya kwanza akautazama mpaka ukaisha.

Simu ikalia.

"Umefika wapi?"

"Hata mji sijautoka."

"Goti?"

Brais akainamisha kichwa kuliangalia.

"Limetulia," akasema.