Ruhusa ya Otane

Walikuwamo watu watano katika chumba cha kutazamia picha, katika studio moja ya Kyoto, saa nne asubuhi, Novemba 1924. Morimura Teikichi, mwongozaji, ambaye wote walimwita Mwalimu. Iwase Kozo, mpiga picha, aliyezungusha kamera kwa mkono. Tachibana Ryokusui, msimulizi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kando ya pazia na kuwasemea wote wanaoonekana, maana filamu za siku zile zilikuwa bubu. Kusunoki Sayoko, mwigizaji. Na Hirano Nobu, aliyemvisha na kumsuka Sayoko tangu akiwa binti wa miaka kumi na minne kwenye michezo ya jukwaani.

Nobu alikaa nyuma, akifurahi kupumzisha miguu.

Sayoko alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia katika filamu, kampuni zilipochoka kuwavisha wanaume nguo za kike. Kwa miaka saba alicheza filamu arobaini na moja, na sura yake ilibandikwa hata kwenye viberiti. Kila alipoigiza marehemu mwenye kaburi linalojulikana, alitangulia kwenda kaburini, akachoma ubani na kuomba ruhusa. Ndiyo desturi ya waigizaji wa huko.

Safari hii hakwenda. Marehemu alikuwa Otane wa Fushimi, bibi harusi aliyetupwa kisimani na mama mkwe wake. Mvua ilikuwa imekula siku tano za kazi, na Morimura alisema, "Tupige picha kwanza. Aliyekufa ana haraka gani?"

Taa zikazimwa. Picha ikaanza.

"Iwase," Morimura akauliza, "mbona Sayoko anakwenda polepole hivyo?"

Mama mkwe alikuwa akitembea upesi, kama kawaida. Kando yake, ndani ya picha ileile, Sayoko aliinua mkono taratibu mno. Nywele zake zilipanda juu zikaelea, kama za mtu aliye chini ya maji.

Ryokusui akacheka. "Huyu nitamsemea nini? Nitamaliza birika zima la chai kabla mkono haujafika."

"Nazungusha kwa mkono mmoja, Mwalimu," Iwase alinong'ona. "Hauwezi kutoa mwendo wa aina mbili."

Hakuna aliyecheka tena.

Sayoko alimshika Nobu kiganja. "Dada, mimi sikuinua mkono."

Taa zilipowashwa, aliomba aende Fushimi saa ileile. Morimura alichungulia dirishani.

"Jua limetoka. Kipande kimoja tu, cha kisimani, kisha nitakupeleka mwenyewe."

"Naogopa, Mwalimu."

"Vizuri. Uoga huo ulete mbele ya kamera."

Sayoko akamgeukia Nobu. "Dada, nenda wewe. Mwambie anisamehe. Mwambie nimezuiliwa."

"Na nywele zako nani atazilowesha?"

"Nitajimwagia ndoo mwenyewe. Nenda."

Nobu alipanda tramu hadi Fushimi. Penye kaburi la Otane, katika ua wa hekalu, alikuta ubani unafuka. Mtawa mzee alikuwa akifagia majani.

"Umechelewa, mama," mtawa akasema. "Mwenzako ameondoka sasa hivi."

"Mwenzangu yupi?"

"Binti mwenye nywele mbichi. Nikamwambia, mwanangu, kwa baridi hii utapata mafua. Hata hakugeuka."

Nobu alishusha sauti. "Alikuja kuomba ruhusa?"

Mzee aliegemea ufagio. "Hapana. Alikuja kuaga. Kasema amepata wa kukaa badala yake."

Nobu akatazama chini. Nyayo za maji zilitoka kaburini kuelekea langoni. Za kuja hazikuwapo.

Akakimbia. Tramu ilikuwa imekwisha kuondoka. Akaendelea kukimbia kwa miguu, viatu vya mbao mkononi.

Kusunoki Sayoko alifariki siku hiyo saa nane mchana, akiwa na miaka ishirini na sita, ndani ya kisima cha maigizo kilichojengwa kwa mbao, kisicho na maji. Daktari aliandika kwamba alizama.