Mjumbe wa Ngara

Njia panda ya Lusahunga ilikuwa imefurika asubuhi ile. Malori ya Rwanda na Burundi yalijipanga kando ya barabara, akina mama wakikimbilia madirisha ya magari na sinia za ndizi za kuchoma, na vumbi jekundu likitua taratibu juu ya gauni la kitenge cha bluu alilovaa Eustakia.

"Dada, na wewe unakwenda kwenye mkutano wa chama?"

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe, kitambulisho kikining'inia kifuani.

"Umejuaje?"

"Nani mwingine angevaa viatu vya mkutanoni kwenye vumbi hili?"

Eustakia akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua.

Alikuwa mkufunzi wa biolojia katika chuo kimoja cha ualimu Ngara. Wazazi wake wa Mabawe walishafariki, kaka yake huko alikuwa na familia yake, na kila Ijumaa wenzake walipokwenda kwa familia zao, yeye alibaki kwenye nyumba ya chuo akisikiliza mvua juu ya bati. Ukweli ni kwamba alijiunga na chama cha wafanyakazi wa vyuo ili tu awe na mahali pa kwenda.

Yule mwanamume, Wiston, alifundisha hesabu Biharamulo na ndiye aliyehamasisha wanachama wa wilaya zote mbili. Tangu siku ile akawa anampigia kila jioni.

"Mjumbe wangu wa Ngara, umekula?"

"Maharage."

"Na jana?"

"Maharage."

"Mpenzi, itabidi nikuoe haraka, maharage yasije yakakumaliza!"

Simu zile zilimpa Eustakia nguvu. Alipita ofisi kwa ofisi kuwashawishi wenzake, na Nimpaye, mkufunzi kijana, aliposimamishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, ni yeye aliyeingia kwa mkuu wa chuo kumtetea.

Mkutano uliofuata ulifanyika Biharamulo mjini. Kwenye foleni ya chakula, Tecla, mjumbe wa chuo kingine, alitazama simu yake ikiita, akacheka.

"Wiston huyu! Kila jioni lazima anipigie. Ndiyo kazi aliyopewa, kutubembeleza tusitoke chamani."

Wali ukamshinda Eustakia. Jioni ile simu iliita, hakupokea. Ikaita tena na tena siku zilizofuata, kisha ikanyamaza. Wanachama wa Ngara waliendelea kuongezeka, lakini nyumba ilimwelemea kuliko zamani, maana sasa alijua alichokikosa.

Siku ya kuzindua tawi la Ngara, Wiston alitumwa kuwa mgeni rasmi. Eustakia, aliyekuwa amechaguliwa katibu, alimkuta nje ya ukumbi, ukungu ukiwa bado kwenye vilima, amejikunyata ndani ya koti.

"Eustakia, kosa langu ni lipi?"

"Na Tecla ulikuwa unamuuliza amekula nini?"

Wiston alimtazama kwa mshangao. "Tecla nilimuuliza habari za wanachama. Wewe nimewahi kukuuliza?"

Eustakia akafikiri. Hakuwahi, hata mara moja.

"Kwa nini hukuja kuniuliza ana kwa ana?" akauliza Eustakia.

"Nilidhani umepata mtu. Nikaomba uhamisho wa kubadilishana. Naondoka Jumatatu, kwenda Songea."

"Ufute!"

"Mwenzangu ameshafika, ameshapangiwa vipindi." Akamshika mkono. "Twende wote. Kesho nitakwenda Mabawe kwa kaka yako nijitambulishe."

Eustakia alichungulia dirishani. Nimpaye alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya tumbo.

"Kesi ya Nimpaye ya kusimamishwa kazi itasikilizwa mwezi ujao. Nikiondoka sasa, hana mtu."

"Na mimi?"

"Wewe uje kesho kwa kaka. Nitakukubali mbele yake. Lakini Songea utatangulia, nitakufuata kesi ikiisha."

Wiston akaitikia kwa kichwa tu.

Alikuja. Kaka yake Eustakia, Minani, aliwapokea kwa rubisi, pombe ya ndizi, na maneno mengi, watu wakacheka mpaka jioni. Jumatatu Wiston akaondoka.

Jioni hiyo hiyo Nimpaye alikuja nyumbani kwa Eustakia kuandaa utetezi wake.

"Dada, mbona unalia?"

"Nimechumbiwa."

"Si ni jambo la furaha?"

"Ni la furaha," alisema Eustakia, akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Tuendelee. Siku waliyokuita ofisini, nani alikuwepo?"