Kola ya Buluu

Mzee Karim ni fundi cherehani wa Kamembe. Anashona kanzu, sare za shule na nguo za maharusi. Mke wake, Nyirabagenzi, anatia vifungo. Binti yao, Uwamwezi, anapiga pasi.

Lakini Uwamwezi akipiga pasi, mawazo yake huwa mbali. Mvuke ukipanda, yeye huona barabara. Ni barabara laini, inapinda kando ya msitu wa Nyungwe mpaka Bweyeye, kwa bibi yake. Bibi huyo hutembea mwendo mrefu kufika zahanati, na mvua ikinyesha njia yote ni matope. Ndiyo maana Uwamwezi anataka kusomea ujenzi wa barabara.

Amemaliza sekondari. Chuo anachokiota kiko Kigali. Alikiona kwenye simu: ngazi za vioo, maua kila upande, na wanafunzi wanacheka katika majoho yenye kola ya buluu. Akikisimulia, hata wateja hunyamaza kumsikiliza.

Mapenzi yakamzidi Mzee Karim. Akanunua kitambaa cheusi, akamshonea binti yake joho la mahafali, na kola yake ya buluu, kabla hata hajaandikishwa. Akalitundika ukutani. Mtoto hajatambaa, baba keshamnunulia viatu vya kukimbilia!

Kumbe chuo kile kilikuwa ghali mno. Mzee Karim akaona njia moja tu, kuuza cherehani yake kubwa, ile inayowalisha. Mnunuzi akaahidi kuja Ijumaa, baada ya sala.

Alhamisi akaingia jirani yao Emerance. Yeye ni mwalimu, na kazi yake ni kuwashauri wanafunzi wanaomaliza shule.

"Mzee Karim, nasikia unauza mashini," akasema.

"Ndiyo, Maman. Mutoto aende kusoma."

"Hiyo pesa italipa myaka ngapi?"

"Mwaka wa kwanza. Ingine, Mungu atasaidia."

"Mungu atabariki mikono yako. Sasa hiyo mikono itashonea nini?"

Mzee Karim akaigeukia cherehani yake, akaipapasa. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, naye alikuwa karibu kuuacha.

"Na kule Kigali atalala wapi? Atakula nini?" Emerance akauliza.

"Hayo hatukuuliza," Nyirabagenzi akasema polepole.

"Mzee, muntu akikuletea kitambaa, unakata tu?"

"Hapana. Napima kwanza."

"Basi hata chuo banapima." Emerance akamgeukia binti. "Uwamwezi, unataka nini? Zile ngazi za vioo, ao barabara ya Bweyeye?"

Uwamwezi akalitazama joho. Machozi yakamlenga. Alizipenda ngazi zile, na kuziacha kulimuuma.

"Barabara," akasema mwishowe.

"Basi, hapa kwetu iko chuo cha ufundi. Masomo ni yale yale ya barabara. Minerivali, ile pesa ya shule, ni kidogo, na utalala hapa nyumbani. Lakini musikubali maneno yangu tu. Muende muulize. Serikali inakitambua? Bifaa biko? Benye bamemaliza bamepata kazi? Pesa yote ya mwaka ni ngapi, na msaada iko? Akipata diploma, anaweza kuendelea chuo kikuu?"

Ijumaa asubuhi wakaenda wote watatu. Majengo yalikuwa ya kawaida. Nyirabagenzi aliuliza maswali yote, hakuruka hata moja, na majibu yakamridhisha. Uani, msichana mmoja alikuwa anapima ardhi kwa darubini yenye miguu mitatu.

"Chungulia," akamwambia Uwamwezi.

Uwamwezi akachungulia. Kilima cha mbali, upande wa Gitambi, kikamjia karibu, na njia yake, na watu wadogo wanaipanda. Akasahau kwamba baba yake anamngoja.

Baada ya sala mnunuzi alifika. "Mashini haiuzwi," Mzee Karim akamwambia, na akamkaribisha chai.

Wiki nzima Uwamwezi alipiga pasi akiupa mgongo ukuta wenye joho. Kisha masomo yakaanza, na huzuni ikapungua.

Miaka ikapita. Siku ya mahafali ilipokaribia, Mzee Karim alilishusha joho. Akaifumua kola ya buluu, akashona ya kijani, rangi ya chuo cha binti yake. Cherehani ile ile ilinguruma kwa furaha.

Ile ya buluu Uwamwezi hakuitupa. Aliikata vipande vyembamba. Kazi yake ya kwanza ilimpeleka Bweyeye, kupima barabara, na kila alipopigilia kigingi alifunga kipande kimoja ili mafundi wakione.

Bibi yake alitoka nje, akashika kipande kimoja.

"Hiki kitambaa ni cha nini, mujukuu wangu?"

"Kinaonyesha kwenye barabara itapita, Bibi."

Bibi akatazama vigingi vinavyoshuka kilimani kimoja kimoja. Akachukua fimbo yake, akaanza kuvifuata.